Naivas Haikupotea, Iliyopotea ni Tuskys

Kila kampuni kubwa ya Nairobi inapopata mwenyewe mpya, kilio huwa kile kile: jasho la mwasisi limeuzwa kwa mgeni. Tulikisikia Desemba 2024, Amsons ya Tanzania ilipoinunua kampuni ya saruji ya Bamburi. Tukakisikia tena Desemba 2025, Diageo ya Uingereza ilipotangaza kwamba inaiuzia Asahi ya Japani hisa zake za asilimia 65 katika kampuni ya bia ya EABL. Machozi hayajakauka, Januari 2026 Nedbank ya Afrika Kusini ikasema inataka kuchukua takriban asilimia 66 ya benki ya NCBA. Kwa kinyozi, ndani ya matatu na kwenye makundi ya WhatsApp, habari hizi zimefungwa kitita kimoja na ile ya supamaketi ya Naivas kuchukuliwa na wawekezaji wa nje, na hukumu ikatolewa papo hapo: wazee walijenga, watoto wameuza.

Hasira hiyo naielewa na siidharau, maana mtu hulia kwa kile anachokithamini. Hata hivyo naamini tunalilia kaburi lisilo na maiti. Biashara ya mwasisi haifi siku inapouzwa. Ikifa, huwa ilianza kufa mapema zaidi, kimya kimya, katika ile miaka ambayo mwenyewe yungali hai, ana nguvu zake, na kila kitu kimo kichwani mwake: bei, madeni, ahadi, majina ya watu wanaomwamini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tumeutumia msemo huo kuwaonya watoto wa shule na kuusahau tunapozungumzia matajiri. Familia inayouza ikiwa na vitabu vilivyonyooka imeitunza kazi ya baba kuliko ile inayoing'ang'ania mpaka ikaifia mkononi. Tukilielewa hilo, tutaacha kuuliza nani kanunua, na tutaanza kuuliza biashara ilikuwa katika hali gani ilipofika mnadani.

Tuanze kwa kukifungua kitita chenyewe, kwa sababu kimefungwa vibaya. Kampuni iliyokuja kuwa EABL ilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wa Kiingereza, akina Hurst. Mmoja wao, George, aliuawa na tembo mwaka uliofuata, na ndiyo maana bia yao ikaitwa Tusker na kubandikwa kichwa cha tembo. Diageo ilijiongezea hisa mpaka kufika hiyo asilimia 65 mwaka 2023. Asahi basi inapokea usukani kutoka kwa mgeni mwenzake. Bamburi, iliyoanza mwaka 1951, ilikuwa mikononi mwa Holcim ya Uswisi kabla ya kununuliwa na familia ya wafanyabiashara wa Dar es Salaam, na binafsi sioni kwa nini Mkenya amlilie Mswisi kuliko Mtanzania. Katika mauzo hayo mawili hakuna mtoto wa mwasisi Mkenya aliyesaliti chochote. NCBA ni jambo jingine. Ilizaliwa mwaka 2019 benki za NIC na CBA zilipoungana, na hisa zake ziko Soko la Hisa la Nairobi, ambako uamuzi wa wenyehisa wakubwa unajulikana na wadogo wana haki ya kusikilizwa. Linalobaki ndilo linalotufundisha, nalo ni la supamaketi.

Rongai ninayotaka kuizungumzia si ile ya Barabara ya Magadi inayokesha na matatu zake. Ni Rongai ya Nakuru, mji mdogo wa mahindi na reli. Hapo ndipo Joram Kamau alipoanza na duka miaka ya 1980, duka ambalo lilikuja kuitwa Tusker Mattresses na baadaye Tuskys. Na hapo hapo, mwaka 1990, Peter Mukuha Kago aliandikisha kampuni kwa jina la Rongai Self Service Stores, ikageuka Naivasha Self Service Stores, na hatimaye Naivas. Mji mmoja, biashara moja, kizazi kimoja cha wazee waliofungua duka asubuhi na kulifunga usiku kwa mikono yao. Kamau alifariki mwaka 2002, Mukuha akafariki mwaka 2010. Wote wawili waliwaachia watoto biashara iliyo hai, na wote wawili waliacha nyuma yao ndugu waliofikishana mahakamani. Mwanzo wao ulifanana kiasi kwamba anayetafuta sababu ya mwisho tofauti analazimika kutazama yaliyotokea baada ya mazishi.

Kwa Tuskys, mgogoro wa ndugu uliingia ndani ya uendeshaji wenyewe. Miaka ilipita watu wa nyumba moja wakivutana kuhusu nani aongoze, nani aone hesabu, nani ametumia nini bila ruhusa, na yote hayo yakitangazwa magazetini huku matawi yakizidi kuongezeka mpaka yakavuka 60. Wauzaji wa bidhaa wakaanza kucheleweshewa malipo. Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani ikalazimika kuingilia kati kwa sababu ya madeni hayo. Wenye kampuni walipotafuta mwekezaji, walikuwa wakitafuta mtu wa kununua nyumba ambayo moto umeshika paa. Rafu zikabaki wazi, wenye majengo wakafunga milango kwa kodi isiyolipwa, na wafanyakazi waliovaa sare hizo kwa miaka wakatawanyika. Jina ambalo kila mkazi wa Nairobi alilitaja akielekeza mgeni steji ya matatu, leo unalitaja kwa kukumbuka tu: pale palipokuwa Tuskys.

Naivas nayo ilikaribia shimo hilo hilo. Mwaka 2013 Massmart ya Afrika Kusini ilitaka kununua hisa nyingi, mmoja wa ndugu akaenda mahakamani kudai fungu lake, na mpango ukasambaratika. Tofauti ni kwamba waliobaki wakiendesha waliutumia muda uliofuata kuipanga kampuni ili mtu wa nje aweze kuisoma. Mwaka 2020 walimuuzia asilimia 30 mwekezaji wa kwanza, kundi lililokuwamo Amethis ya Ufaransa na Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC. Mwaka 2022 kundi jingine likiongozwa na IBL ya Mauritius likachukua asilimia 40, zikiwamo zile za mwekezaji wa kwanza, na baadaye likaongeza mpaka 51. Matawi yamepita 100. Familia imebaki na karibu nusu ya kitu kikubwa. Wenzao wa mji ule ule walibaki na kitu kizima ambacho hakikuwapo tena. Sasa mtu aniambie ni mzee yupi kati ya wale wawili ambaye jasho lake limepotea.

Najua jibu linalotolewa haraka hapa, nalo ndilo dhaifu kuliko yote: kwamba tatizo ni watoto, kizazi cha pili ni kivivu, mtoto wa tajiri hajui njaa kwa hiyo hawezi kulinda chakula. Hoja hii inapendwa kwa sababu inatufariji sisi tusio na cha kurithi. Lakini haikai mbele ya ukweli wa Tuskys yenyewe. Mzee alipofariki, matawi yalikuwa machache. Waliolifikisha jina hilo kila pembe ya Nairobi na kuvuka mpaka hadi Uganda ni watoto wake. Hao si wavivu. Walifanya kazi sana, kila mmoja kwa upande wake, ndani ya chombo kisicho na nahodha aliyekubalika na wote. Na Nakumatt, iliyoporomoka kabla yao kwa deni la zaidi ya shilingi bilioni 30, ilianguka ikiwa chini ya Atul Shah mwenyewe, yule yule aliyeikuza kutoka biashara ya magodoro ya Nakuru mpaka ikawa supamaketi kubwa kuliko zote nchini. Wadai walipiga kura ya kuifilisi Januari 2020. Hapo hatuna mrithi mvivu wa kumlaumu. Supamaketi ya Uchumi nayo, iliyoanzishwa mwaka 1975 na serikali kwa niaba yetu sote, iliwekwa chini ya meneja mpokezi mwaka 2006. Hiyo haikuwa na baba, wala mtoto, wala mgeni. Damu na uraia havielezi lolote kati ya maanguko haya. Vitabu na usimamizi vinayaeleza yote matatu.

Jiji hili lina namna yake ya kusimulia maisha ya matajiri, na nadhani namna hiyo ni sehemu ya tatizo. Mwaka 2021 tuliwapoteza wawili kwa wiki chache: Chris Kirubi tarehe 14 Juni, na Naushad Merali tarehe 3 Julai. Kurasa zilijaa habari za mwanzo. Kirubi aliyefiwa na wazazi akiwa mdogo, akauza bidhaa za mafuta, akanunua nyumba kuukuu na kuzikarabati, akaishia kuwa mwenyehisa mkubwa wa kampuni ya uwekezaji ya Centum. Kuhusu Merali, kisa kilichosimuliwa zaidi ni kile cha mwaka 2004: Vivendi ya Ufaransa ilikuwa tayari kuuza asilimia 60 ya kampuni ya simu ya Kencell kwa dola milioni 230, Merali akatumia haki yake ya kununua kwanza, akalipa bei hiyo, na ndani ya muda wa saa moja akaziuza hisa zile zile kwa Celtel kwa dola milioni 250. Tulikisimulia kwa fahari, na mimi pia huona fahari, kwa sababu alikuwa amesoma mkataba wake kwa makini kuliko walioandaa dili lile. Lakini tazama tunavyojipinga. Mtu anayeuza kwa mgeni ndani ya saa moja ni gwiji, na familia inayouza polepole, kwa miaka mitatu, ikibaki na fungu lake, imeuza urithi. Tunachosifu kwa mmoja ndicho tunachokilaani kwa mwingine, na sababu ni kwamba masimulizi yetu yanaishia kwenye kupanda. Namna ya kushuka jukwaani hatujawahi kuifanya sehemu ya sifa.

Mkazi wa Nairobi anayetaka kuona jambo hili kwa macho aende Bustani ya Jeevanjee saa saba mchana. Atakuta mhubiri ameshika kipaza sauti karibu na Moi Avenue, vijana wanaosubiri jibu la kazi wamelala kwenye nyasi, na chini ya miti kundi la Bunge la Mwananchi likijadili bajeti kwa sauti ya watu wenye uchungu na nchi. Aliyetoa bustani ile, mwaka 1906, ni Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi aliyeleta vibarua na mahitaji wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda. Alijenga sehemu kubwa ya Nairobi ya mwanzo, akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Alipofariki mwaka 1936, utajiri wake mwingi ulikuwa umeyeyuka. Viwili vimesalia. Kimoja ni bustani, aliyoitoa kwa umma, na ambayo mwaka 1991, walipotaka kuigeuza maegesho ya magari, watu wa ukoo wake na Wangari Maathai walisimama kuitetea. Cha pili ni gazeti. Mwaka 1902 alianzisha African Standard pale Mombasa, na mwaka 1905 akaliuza kwa Waingereza wawili. Gazeti hilo likahamia Nairobi mwaka 1910 na mpaka leo linachapishwa kwa jina la The Standard. Alichokiuza kimeishi zaidi ya miaka 120, na alichokitoa kinalaliwa na vijana mchana huu. Alivyovishikilia havijulikani vilikoishia, ila kwa watafiti.

Sasa nije kwa hoja nzito za upande wa pili, kwa sababu zipo na hazistahili kupitwa mbio. Ya kwanza ni kwamba faida inaondoka. Hilo ni kweli. Gawio la Port Louis au Tokyo halijengi Umoja wala Kayole. Ya pili ni kwamba uamuzi unaondoka pia: meneja wa tawi aliyekuwa akimjua mkulima wa sukuma wiki wa Limuru kwa jina sasa anangoja jedwali kutoka makao makuu, na mkulima anaambiwa bidhaa yake haina msimbo. Ya tatu, ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote, ni ya fedha ya mauzo yenyewe. Familia ikiuza kwa mabilioni, mabilioni hayo yanaenda wapi? Yakizaa kiwanda kingine Athi River, mwasisi amezaliwa mara ya pili. Yakiishia kuwa ghorofa za kupangisha na ploti za Ruiru zinazosubiri bei ipande, basi nchi imebadilisha duka lililoajiri maelfu kwa kodi ya nyumba inayokusanywa na msimamizi mmoja. Hilo linanikosesha usingizi kuliko jina la mnunuzi, na sijaona likijadiliwa hata nusu ya linavyojadiliwa hilo la pasipoti.

Kwa hoja ya mkulima nina pingamizi moja tu. Waliopoteza zaidi Nakumatt na Tuskys zilipoanguka walikuwa wauzaji wadogo: mwenye kuoka mikate, mwenye kufunga viungo kwenye pakiti, mwenye kampuni ya usafi. Walikuwa wamepeleka bidhaa kwa mkopo wa siku 60 au 90 kwa sababu walimwamini mwenyewe, walimjua, alikuwa wetu. Foleni ya ufilisi haijui wetu. Mwenye dhamana ya benki hulipwa kwanza, na mwoka mikate husimama nyuma kabisa akiwa na risiti zake. Kama tunataka kumlinda, njia ni kulipwa kwa wakati na sheria yenye meno dhidi ya mnunuzi mkubwa anayekalia pesa za mdogo.

Kuna swali la haki ambalo wapinzani wa mauzo wangeliuliza ningewaunga mkono mara moja: kwa nini wanunuzi wawe mifuko ya uwekezaji ya ng'ambo, wasiwe Wakenya wa kawaida kupitia Soko la Hisa? Watu wa jiji hili walipanga foleni kununua hisa za Safaricom mwaka 2008, wengine kwa pesa za chama, wengine kwa mkopo. Wangenunua hisa za supamaketi wanayoingia kila Jumamosi. Familia nyingi zenye biashara hazitaki njia hiyo, na sababu ni ile ile ninayoizungumzia tangu mwanzo. Kuingia sokoni ni kuanika hesabu mbele ya kila mtu kila baada ya miezi sita, kueleza mshahara wa mkurugenzi ambaye ni shemeji, kutenganisha gari la kampuni na gari la mama. Mfuko wa ng'ambo nao hukagua, tena kwa ukali, lakini hukagua faraghani. Kwa hiyo ukimuona mgeni amekaa kwenye kiti ambacho mwalimu wa Buruburu angeweza kukikalia kwa hisa zake mia, jua kwamba kiti hicho alinyimwa mwalimu na daftari lililofungwa.

Na msomaji asidhani hii ni habari ya mabilionea. Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu wa mwaka 2016 ulihesabu biashara ndogo na za kadiri takriban milioni 7.4 nchini, na ukaeleza kwamba milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka mitano. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, ukosefu wa fedha za kuendeshea shughuli ukiwemo. Mimi huwaza kuhusu zile zilizofungwa kwa sababu mwenyewe alifungwa sanda. Pale Kariobangi Light Industries kuna mzee ninayemfahamu, mtengenezaji wa mageti na mashine za kukatia majani ya ng'ombe, mwenye vijana tisa chini yake. Habari za Naivas zilipotoka aliniambia, huku akifuta miwani ya kuchomelea kwa ncha ya ovaroli, "Wangu hawatauza. Nimewafundisha."

Nikamuuliza, "Mzee, ni nani mwingine anayejua yule Mhindi wa Industrial Area anakupa vyuma vya kiasi gani kabla hujalipa?"

Aligusa paji la uso kwa kidole chenye masizi. "Iko hapa."

Namba ya tili ya M-Pesa iko kwa jina lake na laini yake. Akaunti ya benki ina sahihi moja. Jina la biashara limeandikishwa, lakini jina la biashara mbele ya sheria ni mtu yule yule, si kiumbe kingine. Siku akifumba macho, akaunti inafungwa. Kwa Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yeyote atakayegusa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama anatenda kosa, hata kama ni mke wake anayetaka kuwalipa vijana mshahara wa Ijumaa. Familia itakwenda mahakamani kuomba usimamizi, tangazo litatoka kwenye Gazeti Rasmi, siku 30 za pingamizi zitahesabiwa, na hata hati ikipatikana, kuigawa mali kwa kawaida hungoja miezi sita mingine kabla hati haijathibitishwa. Hayo ni endapo ndugu wanaelewana. Fundi wa kuchomelea hangoji miezi minane. Wiki ya pili atakuwa ameajiriwa kibanda cha jirani, na wateja watamfuata huko. Anayesema biashara kama hiyo ilikufa kwa sababu watoto walikuwa wavivu hajawahi kukaa kwenye benchi la masjala ya mirathi pale Milimani.

Dawa ya upande huo haina siri. Kampuni yenye dhima ya mipaka huishi mwenyewe akifa, na tangu Sheria ya Kampuni ya 2015 hata mtu mmoja anaweza kuwa nayo peke yake. Mwaka 2021 sheria ya wadhamini ilirekebishwa, na sasa amana za familia zinatambuliwa waziwazi. Vyombo tunavyo. Ila sitaki kumdanganya mtu kwamba karatasi zinatosha. Njenga Karume, aliyezaliwa mwaka 1929, akaanza na kuuza makaa, akaja kuwa msambazaji mkubwa wa bia, mwenye Hoteli ya Jacaranda pale Westlands, mbunge wa Kiambaa na waziri, alifanya yale ambayo wengi wa rika lake walikwepa. Aliandika wosia na kuweka mali chini ya wadhamini. Alifariki Februari 2012, na bado baadhi ya watoto wake na wadhamini hao wakafikishana mahakamani kwa miaka. Mtu anaweza kuchukua kisa hicho kama ushahidi dhidi yangu, na sitakataa kwamba kinanisumbua. Ninavyokisoma, wosia unaofunguliwa baada ya maziko hukutana na watu wenye majonzi na mashaka, ambao hawakuwapo ulipoandikwa na hawawezi tena kumuuliza mwandishi alikusudia nini. Naivas waliipanga kampuni kwanza, wakiwa hai, ndipo mgeni akaja na pesa zake. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni hawezi kumponya mwenyeji ambaye hajakubali kuvua shati aonyeshe kidonda.

Kwa hiyo Nedbank, Asahi na wengine watakaofuata, tuwatazame kwa macho makali kuhusu kodi, malipo ya wauzaji wadogo na ajira. Hayo ni madai halali, na ningependa kuona wabunge wakiyashikilia badala ya kuhutubia kuhusu wageni. Lakini swali la urithi tuwaelekeze wenyeji, tena mapema. Chama cha wafanyabiashara kinapomtunuku mzee wa miaka 70 kwa kuanza na mtaji wa shilingi mia tano, kimuulize hadharani nani mwingine ana sahihi benki. Benki inapomkopesha, imdai mpango wa kurithisha kama inavyomdai hati ya ardhi. Mtoto anayemaliza chuo kikuu akapewa meza dukani, apewe na funguo za kabati la mafaili.

Yule mzee wa Kariobangi nilimpitia tena mwezi uliopita. Binti yake wa pili, mwalimu wa hesabu, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari la mraba magotini, likizo ya shule imemleta. Baba alikuwa akimtajia wadeni mmoja mmoja bila kuinua macho kutoka kwenye chuma alichokuwa akikipima. Padri wa parokia, geti la milango miwili, amebakiza elfu kumi na nne. Mama wa ng'ombe wa Ruai, mashine moja, alilipa yote. Walipofika kwa yule wa vyuma wa Industrial Area, mzee akanyamaza, akaweka tepu chini. Binti akangoja na kalamu yake. "Andika," akasema mwishowe, "halafu kesho tutaenda pamoja akuone uso."